Nimepewa sanduku la santuri za jazz za miaka ya 50 na 60. Niuze zote kwa mkupuo au moja moja?

Mluguru_Jersey:
Wakuu, habari za muda huu. Nipo New Jersey, nabeba boksi kama wengi wetu huku. Nimepewa sanduku la santuri za jazz ya kuimbwa, za kale kweli, na majalada yake bado mazima. Nataja chache: Ella Fitzgerald akiimba nyimbo za Cole Porter (1956, santuri mbili jalada moja), In the Wee Small Hours ya Frank Sinatra (1955), Lady in Satin ya Billie Holiday (1958), Love Is the Thing ya Nat King Cole (1957), Sarah Vaughan akiwa na mpiga tarumbeta Clifford Brown, na ile ya mpiga saksafoni John Coltrane na mwimbaji Johnny Hartman ya 1963. Kuna mwenye duka New York anataka sanduku lote kwa dola 900. Wengine wananiambia niuze moja moja mtandaoni, nitapata zaidi. Usingizi umenikimbia, na jamaa anataka jibu kabla ya Ijumaa. Naomba ushauri, matusi hapana.

Fundi_Redio:
Dola 900 ni karibu bodaboda mpya. Uza ulale.

Kijana_wa_Tabora:
Mkuu, jazz ninayoijua mimi ni Tabora Jazz na Morogoro Jazz, na wewe Mluguru ulipaswa kuanzia hapo. Marehemu baba alikuwa na santuri za Mbaraka Mwinshehe, tangu enzi za Morogoro Jazz mpaka Super Volcano. Mbaraka alipofariki kwa ajali Kenya, Januari 1979, baba alizifungia kabatini, ikawa hazipigwi hovyo. Siku moja shemeji yake akaja kuazima kwa ajili ya harusi. Hazikurudi. Tukaja kusikia zimeuzwa Mwanza. Baba na shemeji yake hawakupeana mkono tena hadi mzee anaingia kaburini. Ushauri wangu: usiuze hata moja.

Bint_Forodhani:
Kaka Mluguru, kabla hujaongelea bei nakuomba ujue umeshika nini.

Nyingi ya nyimbo hizo hazikuandikwa kwa ajili ya waimbaji hao. Ziliandikwa kwa maonyesho ya jukwaani Broadway na kwa filamu, hasa miaka ya 1920 hadi 1940, na watu kama Cole Porter, ndugu wawili Gershwin, Rodgers na Hart. Onyesho likaisha, wimbo ukabaki, kila mwimbaji akauchukua na kuutia pumzi yake. Sisi Unguja hilo halitushangazi, Bi Kidude aliziimba nyimbo za Siti binti Saad na hakuna aliyemwambia anarudia.

Kilichobadilisha mambo ni santuri yenyewe. Kampuni ya Columbia ilitoa LP, yaani santuri ya kupiga muda mrefu, mwaka 1948. Kabla ya hapo upande mmoja wa sahani ulikuwa dakika tatu hivi, wimbo mmoja basi. LP ya inchi 12 ikafungua zaidi ya dakika 20 kila upande. Ndipo Sinatra na mpangaji muziki Nelson Riddle walipotengeneza In the Wee Small Hours, santuri nzima ya mtu mmoja aliyeachwa, hali ile ile kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Na hiyo ya Ella uliyonayo ndiyo iliyofungua njia ya kampuni ya santuri ya Verve. Norman Granz aliianzisha 1956, na lengo kubwa lilikuwa kumpa Ella mahali pake pa kurekodi. Baada ya Cole Porter wakaendelea na watunzi wengine hadi 1964.

Lady in Satin naisikiliza nikiwa peke yangu tu. Sauti ya Billie ilikuwa imekwisha, imekwaruza, na nyuma yake Ray Ellis kamwekea fidla nyingi laini kama mtu anayefunika kidonda kwa hariri. Mwaka uliofuata, Julai 1959, akafariki akiwa na miaka 44. Wapo wanaosema santuri ile ni ya kusikitikia tu. Mimi nasema hajawahi kuimba kwa ukweli zaidi.

Sasa niambie: nani amekupa vitu hivi, na kwa nini?

Mluguru_Jersey:
Ahsante dada, nimejifunza. Ni rafiki tu, mzee wa huku. Turudi kwenye swali: zote au moja moja?

Fundi_Redio:
Mimi sina rafiki wa namna hiyo. Rafiki zangu wananipa madeni.

Nesi_Houston:
Mdogo wangu, naishi nchi hii muda mrefu na kazi zetu nazijua. "Mzee wa huku" ni mzee yupi? Unafanya kazi gani?

Mluguru_Jersey:
Dada Nesi, sioni inahusiana nini na bei.

Nesi_Houston:
Inahusiana sana. Jibu.

Mluguru_Jersey:
Sawa. Nalea wazee majumbani. Huyu ni mzee ninayemlea, ana miaka 88, mzaliwa wa Newark. Alinipa mwenyewe kwa kinywa chake, sikuomba. Watoto wake wako mbali, wanapiga simu Jumapili wakikumbuka. Kila jioni mimi ndiye ninayemwekea hizo santuri. Akimsikia Sarah Vaughan anasema "binti wa mtaani kwetu huyo", kwa sababu Sarah alizaliwa Newark. Nani ana haki kuliko mtu anayekaa naye? Na nieleweke: sijaiba.

Mwalimu_Mstaafu:
Kijana, cha mgonjwa hakiliwi. Hata ukipewa kwa mikono miwili, unakirudisha kwa jamaa zake. Sisi tulilelewa hivyo.

Nesi_Houston:
Mkataba wako wa kazi unasemaje kuhusu zawadi? Wangu unakataza chochote chenye thamani, na karibu kila kampuni ya kazi hii ina kifungu hicho. Swali la pili: mzee kichwa chake kiko vipi?

Mluguru_Jersey:
Mkataba unakataza, ndiyo. Ila huo umeandikwa na watu wa ofisini wasiomjua mzee. Kuhusu kichwa, kuna siku anajua kila kitu na kuna siku ananiita kwa jina la mdogo wake. Madaktari wanasema ni ugonjwa wa kusahau. Lakini siku aliyonipa alikuwa na akili zake, nawahakikishia. Alisema hiyo ya Coltrane na Hartman aliinunua 1963, mwaka ilipotoka, na imerekodiwa hapa hapa New Jersey.

Na niseme yote: jamaa wa duka kanipa kishika uchumba dola 200, nimeshatuma nyumbani, ada ya mdogo wangu. Ndiyo maana nawaambia Ijumaa.

Kijana_wa_Tabora:
Kumbe wewe ndiye shemeji wa harusi.

Mzee_wa_Mono:
Wakuu, hii ni chai. Kwanza alikuwa rafiki, akabanwa akawa mgonjwa, akabanwa tena akawa mgonjwa asiyekumbuka jina la mtu lakini anakumbuka alinunua santuri mwaka gani! Majina yote aliyoyataja yanapatikana kwenye orodha yoyote ya mtandaoni ya jazz ya kuimbwa. Hakuna picha, hakuna namba. Mtu anatafuta huruma, kesho ataweka namba ya kutumiwa pesa.

Fundi_Redio:
Sukari vijiko vingapi?

Nesi_Houston:
Mzee wa Mono, hapo kwenye kumbukumbu umekosea. Nimemhudumia mama asiyemjua hata mwanawe, ila ukianza wimbo wa ujana wake anaumaliza beti zote. Nyimbo huchelewa kupotea, na wauguzi wa wagonjwa hao tunazitumia kuwatuliza wakati wa kuoga au kula. Kwa hiyo mzee kujua habari za Hartman inawezekana kabisa. Hilo halimaanishi ana uwezo wa kugawa mali.

Bint_Forodhani:
Na kuhusu New Jersey hajadanganya. Ilirekodiwa studio kwa fundi wa kurekodi Rudy Van Gelder, Englewood Cliffs, Machi 1963, nyimbo sita tu. Inayoniumiza zaidi ni Lush Life, ambayo mtunzi Billy Strayhorn aliianza akiwa bado kijana mdogo. Sauti ya Hartman ni nzito na haina haraka, na Coltrane, ambaye wengi wanamjua kwa kufoka, pale kapunguza kila kitu ili amsikilize mwenzake.

Mzee_wa_Mono:
Hayo yanasomeka popote. Mluguru, kama sahani unayo, itoe sasa hivi. Lebo ya katikati ina rangi gani? Namba ipi? Na kwenye ile sehemu laini isiyo na mistari ya muziki, karibu na lebo, inamishe kwenye taa usome kilichogongwa.

Mluguru_Jersey:
Sina sababu ya kujitetea kwa mtu nisiyemjua, ila nimeitoa. Lebo ni rangi ya machungwa, pembeni nyeusi. Namba A-40. Kwenye sehemu laini pamegongwa VAN GELDER.

Mzee_wa_Mono:
A-40 ni mono (sauti ya njia moja), ya stereo (njia mbili) ni AS-40. Machungwa na nyeusi ndiyo lebo ya kampuni ya Impulse ya miaka ile, mwaka 1968 ikaingia nyekundu na nyeusi. Na muhuri wa Van Gelder maana yake ukataji wa mistari ya sahani mama ulifanywa na yeye mwenyewe aliyerekodi. Sahani nimeiamini. Stori bado. Ila dola 900 kwa sanduku lenye hii na Ella wa 1956 ni kunyonywa, awe anayenyonywa ni wewe au mzee wa watu.

Mluguru_Jersey:
Si mnaona? Basi niuze moja moja.

Nesi_Houston:
Hujasikia hata neno moja. Ukiuza, siku binti yake akiuliza sanduku liko wapi, hutaitwa rafiki, utaitwa mwizi wa mzee mgonjwa. Hapo kazi imekwenda, na vibali vyako vya nchi hii vinaweza kwenda nayo. Sanduku liko kwako au kwake?

Mluguru_Jersey:
Kwangu.

Nesi_Houston:
Lirudi leo. Kisha msimamizi wako wa kazi aambiwe kwa maandishi, na yule mwenye mamlaka ya kisheria juu ya mali za mzee aambiwe. Wakisema chukua, wakuandikie.

Mwalimu_Mstaafu:
Na ada ya mtoto isilipwe kwa pesa ya mashaka.

Mluguru_Jersey:
Mwalimu, ada haina rangi. Mdogo wangu angefukuzwa shule.

Mluguru_Jersey:
Narudi na mrejesho. Nimempigia binti yake, yuko Atlanta. Sanduku analijua vizuri, anakumbuka baba yake alivyokuwa akifuta kila sahani kabla ya kuipiga. Hakugomba. Kasema liwe nyumbani kwa mzee, liendelee kupigwa jioni kama kawaida, yeye mwenyewe ataiambia ofisi, na habari ya nani apewe wataongea akija. Msimamizi nimemwandikia pia. Sasa nimebaki na deni la mwenye duka, dola 200, na mshahara bado.

Nesi_Houston:
Mwandikie leo kwamba biashara imekufa, mrudishie nusu mshahara huu na nusu unaofuata. Akikataa nifuate pembeni, kuna chama chetu cha kukopeshana, tutaona.

Mzee_wa_Mono:
Ukizipeleka zisimamishe wima, usizilaze mafungu, na usiziache kwenye gari juani, zitapinda. Shika kingo, vidole visiguse mistari. Na hiyo gramafoni ya mzee sindano yake imebadilishwa lini? Sindano iliyochakaa inakwangua mistari kila jioni mnayosikiliza. Hiyo ndiyo dola chache za kutumia wiki hii, kabla hujamwekea Hartman tena.