Kibutu, twende kilioni au rasta: kipi kinabakisha urefu wa nywele?

Binti_Chumbageni:
Habari zenu wapendwa. Nina nywele za kipilipili, hazijawahi kuonja dawa ya kunyoosha, nazifuga tangu nilipomaliza kidato cha nne mwaka 2019. Kama wengi wetu huku Tanzania, shuleni tulikuwa tunanyoa, kwa hiyo nimekuwa mtu mzima sijui hata nywele ndefu zinaoshwaje. Zilifika shingoni zikagoma hapo miaka mitatu. Kila mtu akaniambia "zako hazikui". Siyo kweli. Nikisuka rasta (misuko ya kuongeza nywele bandia), baada ya wiki sita naona kabisa pale mzizini pamesogea zaidi ya sentimita moja. Zinakua vizuri, ila zinakatika nchani kwa kasi ileile.

Basi nikaamua kupima. Nina futi ya fundi cherehani, nimechagua sehemu tatu: utosini, kisogoni, juu ya sikio la kulia. Navuta unywele ukiwa umelowa, naandika kwenye daftari kila tarehe 1.

Rasta nilikaa nazo miezi 8, nikisuka na kufumua kila wiki saba au nane. Utosini zilitoka sm 18 zikafika 21. Miezi minane, sentimita tatu tu! Nyingi nilizipoteza siku ya kufumua, maana ule uchafu mweupe ulioganda mzizini nilikuwa naulazimisha kwa chanuo, kavukavu, saa nne usiku nikiwa nimechoka.

Twende kilioni (mistari ya kusuka kichwani) ya nywele zangu mwenyewe, bila kuongeza kitu, miezi 5: kutoka 21 hadi 24. Ilinisaidia, ila kila wiki mbili natoa elfu tano, na msusi wangu ana mkono mzito.

Sasa kibutu, mwezi wa saba huu. Jumapili naosha, napaka kondishena, nachambua kwa vidole, nasokota misokoto minane minene. Zikikauka nazikusanya zote nyuma, nazungusha, ncha nazisukuma ndani kabisa zisionekane, nabana. Sigusi tena mpaka Alhamisi. Utosini zimefika sm 30! Sijawahi kuona hivyo maishani.

Shida ni kisogoni. Pale raba inapokaa zimeongezeka sm 2 tu, na nikipitisha vidole nasikia kama kuna duara la nywele fupi. Je, kibutu ndicho kinanikata au ni mimi navyobana? Sitaki kukiacha.

MsusiKirumba:
Mdogo wangu, hiyo ni raba. Nipo kwenye ususi mwaka wa 14 hapa Mwanza, na hilo duara nimelikuta kwenye vichwa vingi mno. Unatumia zile raba nyembamba za kwenye pakiti, si ndiyo? Halafu unazungusha mara tatu nne na unabana palepale kila siku. Unywele wa kipilipili umejikunja, na kila unapopinda ndipo penye udhaifu. Ukiukaza palepale miezi saba utakatika tu.

Tupa raba. Chukua soksi ndefu ya nailoni iliyochanika, kata pete, funga kwa hiyo. Au usifunge kabisa: zungusha kibutu, kishike kwa chupio mbili au tatu zisizo na ncha kali. Kingine, hamisha. Wiki hii kiwe chini shingoni, wiki ijayo kati, nyingine viwili ubavuni.

Na niitetee twende kilioni. Haina kosa. Kosa ni msusi anayeanza kushika vile vinywele laini vya pembeni mwa uso ili mstari uonekane umenyooka. Akikuvuta mpaka jicho linapanda, mwambie alegeze. Akikujibu "vumilia, kesho italegea yenyewe", nyanyuka kwenye kiti. Wateja wananyamaza kwa kumuonea msusi aibu, kisha wanarudi na vipele kwenye paji la uso. Mimi nawaomba wateja wangu waseme.

Mwana_wa_Mjikale:
Salaam aleikum. Mie niko Mombasa, na huku kwetu hicho kibutu twakiita shungi. Navaa hijabu kila siku, kwa hiyo nina shungi chini ya mtandio tangu utotoni, na nywele zangu zimenifika chini ya mabega. Lakini si shungi peke yake. Ile kofia ya pamba ya kuvaa ndani ya mtandio hunywa mafuta yote na husugua nywele za mbele kutwa kucha. Nilipoibadilisha nikavaa ya satini, kingo zangu, zile nywele za pembeni mwa uso, zilijaa tena baada ya miezi kadhaa.

Na usifunge nywele mbichi, mwenzangu. Kwa unyevu huu wa pwani, shungi lililofungwa na maji asubuhi, jioni ukilifungua bado li maji katikati, na lanuka. Unywele uliolowa pia huvutika zaidi na kukatika upesi. Mie huosha Ijumaa usiku nikalala na misokoto wazi, nikafunga Jumamosi mchana.

Bibi yangu alikuwa akinipaka mafuta ya nazi usiku wa kabla ya kuosha, si baada. Nilidhani ni mazoea yake tu, kumbe nazi huingia ndani ya unywele, na hivyo haunyonyi maji kupita kiasi wakati wa kuosha. Sasa nawafanyia binti zangu vilevile.

Nyweleza_Kayole:
Mimi napinga kidogo. Nairobi hapa niko na matuta (mistari kama hiyo twende kilioni) chini ya wigi kwa mwaka na nusu, na nimepata urefu kuliko nilipokuwa na bani, yaani hicho kibutu. Sababu yangu ni rahisi: bani unaigusa kila asubuhi. Unalainisha mbele na brashi, unaweka jeli, unafunga, jioni unafungua. Hiyo ni kama mara 300 kwa mwaka. Matuta yangu nayagusa mara mbili kwa mwezi. Wigi langu halina gundi, naliweka na kulivua, na ndani kuna kofia ya satini.

Binti_Chumbageni:
Dada yangu wa Nairobi, hapo umenigusa. Nimerudi kwenye daftari. Miezi minne ya kwanza ya kibutu nilikuwa sifungui mpaka Alhamisi, na utosini zilipanda sm 4. Kuanzia mwezi wa tano nilibadilisha kazi, nikaanza kulainisha mbele kwa brashi kila asubuhi ili nionekane nadhifu ofisini. Miezi mitatu hiyo nimepata sm 2. Sikuwa nimeunganisha hayo mambo mawili mpaka sasa hivi.

Muuguzi_Ngozi:
Naomba niongeze la afya, maana nimefanya kazi kliniki ya ngozi Moshi na jambo hili linaniuma. Kibutu kinaonekana kitu salama kwa sababu hakina nywele bandia. Lakini upotevu wa nywele kwa kuvutwa ulipoandikwa kwa mara ya kwanza na madaktari, mwaka 1907, walioelezwa walikuwa wanawake wa Greenland waliokaza nywele zao kwa kuzifunga kichwani. Hawakuwa na rasta wala dawa. Kilichowapunguzia nywele mbele ni kule kuvutwa tu, mwaka hadi mwaka.

Binti, angalia kwenye kioo penye mwanga wa jua. Ukiona vipele vidogo kwenye mstari wa nywele, au kichwa kinauma ukifungua kibutu jioni, kimekazwa mno. Ukiona mstari umerudi nyuma lakini vimebaki vinywele vifupi pembeni, bado una nafasi: legeza na zitarudi, japo kwa miezi mingi. Pakiwa pameng'aa, ngozi laini bila hata tundu la unywele, mara nyingi hapo pameshakuwa kovu na mzizi haupo tena. Usisubiri kufika huko ndiyo uende kwa daktari wa ngozi. Na wenye nywele za dawa wawe waangalifu zaidi, kwa sababu dawa na kuvutwa vikikutana kichwa kimoja madhara huja haraka.

Hilo duara lako la kisogoni, kwa unavyolieleza, ni kukatika, siyo kung'oka mzizi. Hilo linarekebishika.

Zai_Oslo:
Kwa walio kwenye baridi kama mimi: kibutu cha chini shingoni huku ni hasara kuanzia Novemba hadi Machi. Kola ya koti la sufu inakisugua kutwa. Nakipandisha juu, nafunga kitambaa cha satini kwanza, ndipo navaa kofia.

Binti_Chumbageni:
Asanteni sana, nimejisikia niko na dada zangu. Nimeshatupa raba zote, pakiti mbili nzima. Brashi nimempa mdogo wangu ana nywele za dawa, hapana, nimemnyang'anya tena baada ya kusoma alichoandika Muuguzi. Kuanzia Jumapili navaa kibutu cha chini kwa chupio, siku nne bila kugusa, na ofisini nitafunga kilemba chepesi kuficha mbele. @MsusiKirumba, hiyo pete ya soksi nikate upana gani? Na nishone ncha?

MsusiKirumba:
Vidole viwili. Usishone, uzi utakwaruza. Ukiikata itajikunja yenyewe pembeni. Zungusha mara moja tu. Ikiwa haishiki mara moja, kata nyingine nyembamba kidogo, usiongeze mzunguko.