Kaunta ya kwatzi au ya granaiti kwa jiko linalotumia gesi na mkaa?

Mkazi wa Kihesa, Iringa

Kamwene wanyalukolo, na salamu kwa wengine wote. Tunakarabati jiko la nyumba yetu, na jambo ambalo bado hatujaliamua ni uso wa kaunta. Iliyopo ni ya zege lililobandikwa vigae, na mafuta yamejaa kwenye viungo vya vigae hivyo kiasi kwamba havitakati tena kwa sabuni yoyote. Muuzaji ametushauri tuchukue kwatzi, yale mabamba yanayotengenezwa kiwandani, akisema kwamba hayanywi maji, hayashiki doa wala hayaungui. Mume wangu anaona granaiti inatosha. Siku nyingi tunapika kwa gesi, lakini makande na maharage hupikwa nje kwa mkaa, kisha sufuria huingizwa ndani ikiwa ya moto. Dirisha linaelekea magharibi, hivyo jua la alasiri huipiga kaunta moja kwa moja. Upande mmoja utakuwa na makabati mapya ya mbao za paina, na upande wa pili zege litabaki. Je, maneno ya muuzaji ni ya kweli, na tukague nini kabla ya kulipa?

Fundi wa Uyole

Dada, muuzaji amesema kweli katika mambo mawili na kukosea katika la tatu. Bamba la kwatzi ni jiwe lililosagwa, ambalo kwa kawaida huwa zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake, likashikanishwa kwa rezini, yaani gundi ya jamii ya plastiki, kisha likashindiliwa na kukaushwa kiwandani. Kwa sababu rezini imejaza matundu yote, maji na mafuta hayapenyi, na hutahitaji kupaka dawa ya kuziba kama inavyopakwa granaiti. Lakini rezini hiyohiyo ndiyo isiyopenda moto, na watengenezaji wengi hutahadharisha kuhusu joto la kuanzia nyuzi 150 hivi. Sufuria ya makande yenye maji haizidi sana nyuzi 100. Karai la kukaangia, ambalo mafuta yake hupita nyuzi 180, ndilo linaloacha alama ya njano isiyofutika, na wakati mwingine joto la ghafla hupasua bamba karibu na tundu la sinki au la jiko la gesi, kwa kuwa hapo ndipo lilipo jembamba.

Kuhusu dirisha, ningekuwa mimi nisingeweka kwatzi nyeupe mahali panapopigwa na jua kila siku, kwani mwanga wa jua huibadilisha rangi rezini polepole. Granaiti haina shida hiyo.

Kagua pia unene. Bamba la milimita 20 lina uzito wa karibu kilo 50 kwa mita moja ya mraba, na la milimita 30 hufika kilo 70 na zaidi. Zege lenu litaubeba uzito huo bila wasiwasi ilimradi lisawazishwe kwa pimamaji, lakini makabati ya paina yanahitaji fremu imara na mbao zilizokauka sawasawa, la sivyo yatajikunja na kiungo cha mawe kitafunguka.

Mama wa Makambako

Mwanangu, mimi ninayo kwatzi na ninaipenda, ingawa simpingi fundi. Binzari, chai na mafuta ya mawese vinafutika kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ilimradi usiviache vikalala usiku kucha. Usisugue kwa steelwool, na usimwage dawa kali za kuzibulia mabomba. Vyombo vya moto huwekwa juu ya kibao, kwisha. Nyumba yenye wasichana wa kazi wanaobadilika kila mara, au vijana wanaojikaangia chipsi, ndiyo ningeiambia ichukue granaiti, kwa sababu huwezi kusimama jikoni saa zote kulinda kaunta.

Jihadhari tu na kuuziwa marumaru kwa jina la kwatzi. Omba kipande, kidondoshee ndimu, ukiache kwa muda. Mawe ya jamii ya chokaa, yakiwemo yale ya Songwe, hupoteza mng'ao panapoguswa na ndimu. Kwatzi haibadiliki.

Mwenyeji wa Mwanjelwa, Mbeya

Naomba niongeze jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Vumbi la kukata kwatzi lina silika (madini yaliyomo kwenye mawe na mchanga) nyingi kuliko la granaiti, na likivutwa kwa muda mrefu husababisha silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba ya kuuondoa. Australia ilipiga marufuku mabamba haya kuanzia Julai 1, 2024 kwa ajili ya kuwakinga mafundi. Kaunta ikishafungwa haina madhara kwa wapishi. Hatari iko kwenye kukata na kusaga. Kwa hiyo msikubali fundi aje na grainda kavu kulikatia bamba sebuleni huku watoto wapo. Vipimo vichukuliwe makabati yakishafungwa, ukataji ufanyike karakanani kwa mashine inayomwagiwa maji, na fundi avae barakoa maalumu ya vumbi, kwani kitambaa hakimsaidii.

Mkazi wa Kihesa, Iringa

Ahsanteni sana. Je, kuna ubaya tukiweka granaiti upande wa dirisha na jiko la gesi, na kwatzi upande wa sinki? Na bamba likitoka Dar es Salaam, litapita barabara ya mlima Kitonga salama?

Fundi wa Uyole

Hakuna ubaya, dada, na kwa jiko lenu ndivyo ningefanya, mradi mchague mabamba ya unene mmoja ili kingo zilingane. Chagueni granaiti ya rangi ya giza, kwa kuwa mara nyingi hunywa mafuta kidogo kuliko nyeupe. Kuhusu safari, bamba lisimamishwe wima kwenye fremu na kufungwa. Likilazwa kwenye gari litapasuka kwa mtikisiko. Kabla ya kusaini kupokea, limwagie maji kisha ulifute: ufa mdogo hubaki na mstari wa unyevu uso unapokauka. Likiwa na mstari huo, lirudi na gari lililolileta.