MREJESHO: Programu ya benki kwenye iPhone imekubali

Wakuu, niliuliza kwa nini programu ya benki yangu hapa Kampala iko kwenye Android ya mke wangu, ila kwenye iPhone naambiwa haipatikani nchini kwangu. Imekubali! Aliyesema nikague nchi ya akaunti yangu ya Apple alilenga palepale: fundi aliyenifungulia akaunti aliandika Marekani bila kuniuliza, na hilo limeniudhi kweli. Kubadilisha nchi ya akaunti hiyo iwe Uganda kulidai kwanza salio lake la Apple liwe sifuri. Senti zilizobaki hazikutosha kununua chochote, ikabidi niombe huduma kwa wateja ya Apple wazifute. Kwenye Android ningeweka tu faili la APK, yaani faili la kusakinisha programu bila kupitia duka. Umoja wa Ulaya wamepata maduka mbadala ya programu za iPhone tangu 2024, nasi tunayahitaji. Asanteni sana.