Mrejesho: Dhana tangulizi na maana inayofuata kwa lazima

Wakuu, niliuliza tunatenganishaje dhana tangulizi (jambo ambalo sentensi inalichukulia kuwa kweli tayari) na maana inayofuata kwa lazima (jambo ambalo lazima liwe kweli sentensi ikiwa kweli). Asanteni mlionielekeza kwenye jaribio la ukanushi, yaani kukanusha sentensi na kuona kinachobaki; limenifaa sana.

"Asha ameua nyoka" inalazimu nyoka awe amekufa. Kanusha, "Asha hajaua nyoka", na hatujui tena lolote kuhusu nyoka. Lakini "Juma ameacha kuvuta sigara" na "Juma hajaacha kuvuta sigara" zote zinachukulia kwamba Juma alikuwa mvutaji. Hata ukiuliza "Je, Juma ameacha?", dhana hiyo inabaki palepale.

Kilichonivutia zaidi: ile sentensi ya Juma isiyo na ukanushi inabeba vyote viwili, dhana tangulizi (alikuwa mvutaji) na maana ya lazima (havuti tena), kwa hiyo si makundi yanayofukuzana. Na mtu akisema "Juma hajaacha, maana hajawahi kuvuta", dhana inafutika na sentensi haijipingi. Hapo ndipo nilipouelewa mjadala wa wanafalsafa kuhusu sentensi "Mfalme wa Ufaransa ana upara", ilhali Ufaransa haina mfalme. Russell (1905) aliihesabu sentensi hiyo kuwa ya uongo. Strawson (1950) akasema swali la ukweli au uongo wake halizuki kabisa. Mimi naegemea kwa Strawson, ingawa mfano huo wa Juma unampa Russell nguvu, kwa kuwa ukanushi unabaki kweli hata dhana ikifutika.