Naomba ushauri: bajeti ya shule imebana, tukate wapi?

Wakuu, shikamooni. Shule ya msingi, Mtwara vijijini huku kwenye korosho, wanafunzi 600. Ruzuku ni sh. 6,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi: chaki, mitihani, umeme, ukarabati, vyote humo humo. Madawati yalitegemea mapato ya ndani ya halmashauri, ila bei ya korosho ikishuka, ushuru wa mazao wa 3% unaoingia halmashauri nao unashuka, na madawati hukatwa kwanza.

Wengine kwenye kamati wanataka tufute mitihani ya majaribio. Mimi nasema tukarabati paa kwanza: kenchi zimeliwa na mchwa, misumari haishiki, na mvua za Desemba hazingoji vikao. Bati jipya juu ya mbao mbovu ni hela ya kutupa.

Tukiomba wakulima wachangie paa kwa makato ya hiari kwa kila kilo ya korosho kupitia AMCOS (chama chao cha ushirika cha kuuza mazao), muhtasari wa mkutano wa kijiji unatosha au tupate kibali wilayani?