Laptopu ya Ujerumani inakataa paswedi yangu, naombeni msaada

Mgeni_wa_QWERTZ:
Wakuu habari za asubuhi, naombeni msaada nimekwama kweli. Nimenunua laptopu yusidi Kariakoo, imetoka Ujerumani, kibodi yake ni QWERTZ, yaani mstari wa juu wa herufi unaanza hivyo. Fundi akaniwekea Windows ya Kiingereza na kibodi ya Kimarekani, nikaweka paswedi yenye z na @, jana nimepiga kazi mpaka usiku fresh tu. Leo nawasha inasema paswedi siyo. Mimi nachapa bila kuangalia vitufe na sijaisahau hata kidogo, humo ndani kuna kazi ya mtu ya Jumatatu.

fundi_tabata:
Pole mkuu. Usikubali mtu apige Windows upya, utapoteza kazi. Hapo unapoandika paswedi kuna kijicho pembeni, kibonyeze uone inaandika nini.

Mgeni_wa_QWERTZ:
Duh, z inatoka y, halafu Shift na 2 inaleta " badala ya @!

fundi_tabata:
Basi hujakosea. Kibodi haitumi herufi, inatuma namba ya kitufe tu, Windows ndo inaamua iwe herufi gani, sasa fundi wako kabadilisha ndani kwako, pale mlangoni, unapoandika paswedi, pakabaki Kijerumani. Kwa Wajerumani z na y zimebadilishana na @ ni AltGr (kile kitufe cha kulia kwa spesi) na Q. Cheki chini kulia, ukiona DEU (Kijerumani) ibonyeze uchague ENG (Kiingereza). Kama haipo, fuata maandishi ya vitufe vyenyewe.

wa_bujumbura:
Huku kwetu AZERTY, ile kibodi ya Kifaransa, ndo shida hiyohiyo, a imekaa kwenye q, z kwenye w, m iko pembeni ya l, hata namba mpaka ushike Shift. Paswedi yangu naiweka ndefu ila herufi hizo na alama naziruka, kibodi yoyote nikikutana nayo naingia.

Mgeni_wa_QWERTZ:
Imefunguka jamani!! DEU ilikuwepo pale kona, sikuwahi kuiangalia. Mungu akubariki fundi.

fundi_tabata:
Amina. Sasa kabla hujaizima ingia kwenye setingi za lugha, tafuta Administrative language settings, halafu Copy settings, weka tiki Welcome screen, la sivyo kesho itakukataa tena. Na ukija kufunga diski nzima kwa VeraCrypt, programu ya kufungia data kwa paswedi, pale inapoomba paswedi kabla Windows haijawaka inasoma mpangilio wa Kimarekani tu, usifuate maandishi ya vitufe hapo.