Zawadi za wageni 16, kikao kimesema zitoke kwa wazawa, zimebaki siku 9. Naombeni ushauri

Mtunduru (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni katibu wa kamati ya mapokezi usharikani kwetu hapa Dar. Tuna wageni 16 wa usharika rafiki kutoka Ujerumani, wanaondoka Jumapili ya wiki ijayo na kila mmoja apewe zawadi ya kuagwa. Waumini wamechanga 640,000, yaani 40,000 kwa kila mgeni. Kikao kiliazimia jambo moja tu: zawadi zitoke kwa mzawa, mtu mdogo anayetengeneza kwa mikono yake. Safari iliyopita tuliwapa vikombe vyenye picha ya Mlima Kilimanjaro. Mgeni mmoja akakigeuza cha kwake, kumbe chini kimeandikwa nchi kilikotengenezwa, na si hii yetu. Mzee wa kanisa aliyemkabidhi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Sasa nichague nini? Vinyago vya Mwenge, picha za Tingatinga, vikapu vya Iringa au mikoba ya kitenge? Usiku silali jamani.

Mwana_Mchongaji
Nenda Mwenge, acha kuzunguka. Baba yangu alitoka Newala akiwa kijana na patasi tatu kwenye mfuko wa sandarusi, akachonga hadi alama za vidole zikafutika kwa msasa. Kwa hiyo nikikwambia kuhusu mpingo, sikuhadithii ya vijiweni.

Ukipewa kinyago cheusi ambacho ni chepesi mkononi, kirudishe. Huo ni mti mwingine uliopakwa kiwi ya viatu. Chukua kitambaa cheupe, kilowanishe kidogo, sugua chini kwenye kitako. Kitambaa kikitoka cheusi, umeshajua. Mpingo wenyewe ni mzito kiasi kwamba ukiutia majini unazama. Kizuri zaidi ni kile ambacho fundi ameacha ule weupe wa nje wa mti uonekane pembeni, hapo hakuna wa kukudanganya. Na usimkamue fundi bei. Kinyago cha ujamaa, cha watu saba waliobebana, si kazi ya asubuhi moja.

Mama_Kalenga
Vinyago vizito, masanduku ya wageni yatapita kilo uwanja wa ndege. Chukua vikapu vya Iringa vya milulu. Bibi yangu alikuwa anasuka jioni akiwa amezungukwa na sisi wajukuu, milulu iliyopakwa rangi anaipitisha mdomoni kuilainisha, basi meno yake ukifika Krismasi yana zambarau. Kikapu chake kimoja nimehamia nacho nyumba tano, nilimbebea mtoto wa kwanza nepi humo, sasa naweka vitunguu. Unaagiza leo, unatumiwa kwa basi. Pale Iringa mjini pia kuna Neema Crafts, tangu mwaka 2003 wanafanya kazi na mafundi wenye ulemavu, kazi yao ni safi.

Korosho_za_Mtwara
Wapeni korosho. Mgeni anayekataa korosho sijawahi kumwona. 😀

Dada_wa_Old_Town
Salaam kutoka Mombasa. Mimi ningewapa leso, ninyi huko mnaita kanga. Lakini nauliza, huyo mzawa mnampima kwa kipimo gani? Huku kwetu leso inayosifika ni ile ya "Mali ya Abdulla", ya ukoo wa Kaderdina, duka lipo tangu 1887, na vitambaa vinachapwa India. Nani atasema leso si yetu? Jina limeandikwa kwa Kiswahili na mama zetu wamezaliwa juu yake.

Pilipili_Hoho
Mtunduru, nimesoma bandiko lako mara mbili. Vitu viwili umevitaja kwa mahali vinakotoka, na picha kwa jina la mchoraji aliyezianzisha. Mikoba ya kitenge umeiweka mwisho, haina mji, haina fundi, kama mtoto aliyejificha nyuma ya mlango. Kuna mtu umeshamlipa?

Mtunduru
Kuna kianzio kidogo nimetoa sehemu, ili kushika nafasi. Lakini bado naweza kubadilisha.

Pilipili_Hoho
Kiasi gani, na amepewa nani?

Mtunduru
400,000. Nimempa mke wangu.

Kabla hamjaanza, nisikilizeni. Mke wangu anashona. Ana cherehani yake, anakodi kibaraza, alikuwa na kile kitambulisho cha mjasiriamali cha 20,000 tangu kilipotoka. Tangu Februari hajapata oda hata moja ya maana. Kikao kilisema mzawa, mtu mdogo, anayefanya kwa mikono. Yeye amepungukiwa na nini hapo? Mikoba 9 ameshamaliza. Ndani ameweka bitana ya kitambaa cha amerikani, mfuko mdogo wa pasipoti, na mikanda ameipitisha sindano mara tatu, ukiivuta haitoki. Sikuitoa hela kwa siri kwa ubaya. Nilijua nikiisema kikaoni ataonewa, wakati kazi yake ni nzuri kuliko ya wengi.

Mzee_Busara
Kijana, hela ya sadaka haina undugu. Wewe ni katibu, umeketi kwenye kikao kilichopanga matumizi, kisha ukaibeba nyumbani kwako. Hata mikoba ingekuwa ya dhahabu, nenda kwa mwenyekiti wako leo. Mwaka fulani nilikuwa mtunza hazina wa kikundi cha maziko. Nikanunua jeneza kwa mjomba wangu, bei ya haki kabisa, risiti ninayo mpaka leo. Miaka kumi na moja imepita, bado kuna watu wakinisalimia wanaangalia pembeni.

Mama_Kalenga
Mimi nimehuzunika kwa ajili ya shemeji yetu. Anajua kwamba kikao hakijui?

Mtunduru
Hapana. Anadhani walipiga kura. Alipiga vigelegele nilipomletea hela, nikashindwa.

Pilipili_Hoho
Na kitenge kimechapwa wapi?

Mtunduru
Nje. Sikatai. Lakini sindano ni ya hapa.

Laizer_wa_Monduli
Hapo namtetea. Mama yangu anatunga shanga, na shanga zenyewe ni za kioo, zinatoka nje tangu enzi za misafara. Zile anazozipenda zinatoka Jamhuri ya Cheki, hazipauki na tundu zake zinalingana. Hata hivyo hakuna mtu mwenye akili aliyewahi kumwambia ushanga wake si wa Kimasai. Anayejua nyekundu inakaa wapi na nyeupe inakaa wapi ni yeye. Kinachoniudhi mimi ni ushanga uliofungwa kiwandani, unauzwa na kijana aliyevaa shuka kwa ajili ya watalii, na mama yangu amekaa mita mia mbili mbele hauzi.

Mbeba_Box_Arizona
Huku Marekani jambo hili limewekewa sheria. Tangu 1990 ni kosa kuuza kazi ya mikono kwa kudai imetengenezwa na wenyeji asilia wa nchi hii ilhali siyo. Nilimnunulia mama bangili ya fedha yenye jiwe la feruzi kutoka kwa fundi wa Kinavaho, kijana tu, anauzia kwenye meza ya kukunja kando ya barabara. Akanigeuzia upande wa ndani akanionyesha herufi za jina lake alizogonga kwa nyundo, akasema ukikuta haina jina muulize muuzaji nani kaifanya, kisha mwangalie usoni. Mtunduru, kila mkoba ushonewe kitambaa kidogo chenye jina la mkeo na mtaa. Lakini kwanza kikao kijue.

Jicho_Kali
Wadau mnaliwa. Kisa hiki kimetungwa. Angalieni: bitana, mfuko wa pasipoti, sindano mara tatu. Hayo ni maneno ya tangazo. Mwezi uliopita kuna uzi wa mjane mwenye sabuni za mwani kutoka Paje, tukalia wote, ukurasa wa tatu ikaja namba ya simu na bei ya jumla. Subirini namba.

Korosho_za_Mtwara
Kweli aisee. Hata mimi nilishaanza kutamani mkoba.

Dada_wa_Old_Town
Hebu aweke picha basi.

Mama_Kalenga
Kama ni tangazo, namba naitaka. Mwanangu anamaliza chuo Novemba.

Mtunduru
Siweki picha wala namba. Mikoba ya mke wangu usharika mzima unaifahamu, nikiweka picha nimejitaja. Jicho_Kali, sikulaumu, ila ningekuwa natangaza nisingeandika kwamba nimechukua hela ya waumini bila ruhusa. Nani atanunua kwa mtu wa namna hiyo?

Jicho_Kali
Hapo umenikamata. Nenda kamwone mwenyekiti, ukirudi na majibu nitaomba radhi hapa hapa.

Mtunduru (siku ya pili, saa 4 usiku)
Nimetoka kwake. Nilimweleza mke wangu kwanza, hakunisemesha tangu chakula cha jioni mpaka asubuhi, kisha akavaa akasema twende wote. Mwenyekiti alinyamaza muda mrefu. Ameamua mikoba 9 ipangiwe bei na akina mama wawili wa idara ya wanawake, mke wangu asiwepo. Wamesema 30,000 mmoja. Ni 270,000, hivyo 130,000 narudisha mwisho wa mwezi kutoka kwenye mshahara, maana zimeshakuwa vitambaa viko kabatini. Ukatibu nimeuacha. Wageni 7 waliobaki watafutiwe kitu kingine, nimeachiwa kazi hiyo nikiongozana na mtunza hazina. Kuhusu Tingatinga, kuna aliyeniambia rangi ile ya mafuta inataka siku nyingi kukauka na picha mbichi ukizikunja zinagandana, kwa hiyo nimeogopa kuagiza mpya.

Jicho_Kali
Radhi naomba, mbele ya wote.

Mwana_Mchongaji
Njooni Mwenge kesho saa tatu. Vidogo vya mpingo, visivyozidi kilo moja, vipo. Na kitambaa cheupe mje nacho, hata kwangu msisite kusugua.

Mtunduru
Tutakuja watatu. Mke wangu anauliza kama kuna fundi hapo anayeweza kumchongea vifungo 9 vya mpingo, anataka kuvishona kwenye ile mikoba kabla ya Jumapili. Atalipa mwenyewe.